Zamu ya Gambakati

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile jicho lililoingiwa na cheche limeshapona. Sisi huku hatujambo. Shangazi anakusalimu na anasema usipovaa miwani ya kuchomelea atakuja huko mwenyewe kukuvisha. Saluni yake inakwenda vizuri, na mimi Jumamosi namsaidia kuosha watu nywele kama kawaida.

Nina habari. Si nilikuambia nimepata kazi kwenye duka la kadi za mchezo wetu, ya kupanga kadi kwenye droo? Mwenye duka ni mwalimu mstaafu wa hesabu, kila mtu anamwita Mwalimu, na kila mwezi anatoa jarida dogo la wachezaji. Mchambuzi wake wa kadi ameacha kazi. Siku moja akanikuta nasoma kadi badala ya kuzipanga, nikajua leo nimekwisha, kumbe akaniambia niandike chambuzi tatu za majaribio, azitoe kwenye jarida. Zikimridhisha, nafasi ni yangu: meza ya mbele, jina langu kwenye jarida, na droo namwachia mwingine. Baba, naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Mbili zimeshapita. Ya kwanza ilikuwa kadi ya tiba, ya pili kiumbe mmoja asiyekua. Ya tatu ndiyo inayonitoa jasho.

Ni Gambakati. Unawajua wale: unaanza na Kigamba, anakua anakuwa Gambakati, halafu anakuwa Gambakuu, ambaye akishatua mezani mpinzani anaanza kukusanya vitu vyake. Toleo jipya limemtoa Gambakati upya. Uhai pointi sabini, pigo thelathini tu, na chini kuna maneno: katika zamu ya mpinzani, kila pigo linalompata linapunguzwa kwa ishirini. Mimi sioni kazi ya maneno hayo. Sisi tukicheza, Gambakati hakai mezani hata nusu dakika. Unamweka juu ya Kigamba, unamweka Gambakuu juu yake, basi, yamekwisha. Nimpe alama ngapi kati ya kumi? Mwalimu anataka na idadi, mchezaji aweke Gambakati wangapi kwenye fungu lake la kadi.

Ningepiga simu, ila simu ya bweni lenu la mafundi mnaipangia foleni, na wewe hupendi kuongea huku watu wamekutegea sikio. Nijibu mapema.

Mimi bintiyo

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya. Jicho limepona, mwambie shangazi yako abaki na saluni yake, miwani ninavaa. Kazi ni ile ile, tunachomelea mageti, na wiki hii tumepewa ngazi za chuma za jengo la ghorofa sita.

Barua yako nimeifurahia mpaka nikamsomea Kreni. Ndivyo tunavyomwita dereva wa kreni ninayelala naye chumba kimoja pamoja na fundi bomba mmoja. Nimewafundisha wote wawili mchezo wetu na kila Jumapili nawanyoa bila maji. Kreni anasema mtu mwenye binti wa kuandikwa kwenye jarida hapaswi kufua nguo zake mwenyewe. Nimemwambia basi anifulie yeye, akachukua ndoo akaenda kufua zake.

Sasa Gambakati. Huyo ni korido, mwanangu. Hakuna anayeisifia nyumba kwa korido yake. Watu wanapita tu kwenda sebuleni. Mpe alama tatu, moja ya mchoro na mbili za huruma. Aweke wawili, si zaidi, na nafasi zinazobaki aweke vitu vya maana. Maneno ya chini ni mapambo. Andika bila woga. Tumecheza pamoja tangu una miaka saba, hakuna mtu hapo dukani wa kukufundisha kitu.

Msalimie Mwalimu, mwambie amepata jembe.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, shangazi mzima.

Jarida lilitoka Ijumaa. Jumamosi niliomba ruhusa saluni, nikaenda dukani siku ya wachezaji kwa mara ya kwanza, maana nilitaka kuwaona watu wakinisoma. Wakanisoma. Kwanza akacheka mmoja, halafu meza nzima, halafu wakaanza kusomeana kwa sauti pale nilipoandika korido. Dada mmoja mrefu akanivuta kiti, kwa upole ulioniumiza kuliko kile kicheko, akaniuliza, "Kwani kwenu mnamkuza kiumbe mara mbili katika zamu moja?" Nikamjibu, "Si ndivyo kila mtu anavyocheza?" Akafungua kijitabu cha sheria, ukurasa wa tisa, akanisogezea.

Kiumbe akikua, lazima akae mezani zamu nzima ya mpinzani, ndipo akue tena. Anakaa na anapigwa. Kwa hiyo Gambakati kila mara lazima angoje, na yale maneno tuliyoyaita mapambo ndiyo kadi yenyewe. Nimeandika ukurasa mzima wa upuuzi na jina langu liko chini yake. Wameshanibandika jina: Ukurasa wa Nane, kwa sababu eti ndipo elimu yangu ilipoishia.

Kijitabu chetu hakina ukurasa wa tisa. Miaka yote nilidhani ulichakaa ukadondoka. Jana nimekitoa kwenye sanduku nikakitazama vizuri. Umekatwa, na aliyeukata alitumia rula.

Mwalimu hakunifokea. Yeye anauza kadi tu, hachezi, na alikuwa ameniamini. Ameandika masahihisho yatakayotoka mwezi ujao, na amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nicheze michezo arobaini kwa sheria halisi, nimwandikie upya Gambakati. Nikiharibu tena nabaki na droo zangu.

Ulijua, baba? Nijibu hilo tu.

Bintiyo

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nilijua.

Mama yako alipolazwa mara ile ya mwisho, mimi na wewe tulikuwa tunakaa kwenye benchi la korido tukisubiri saa ya kuona wagonjwa. Kadi nilizinunua ili usichoke kukaa. Mwanzoni tulicheza kwa sheria zote, mpaka na ile ya kuchanganya kadi mara tatu. Siku moja ukamkuza Kigamba wako akawa Gambakati, akawa anangoja. Zamu yangu ikafika, nikampiga, akafa. Ndio mchezo. Ukalia mpaka nesi akatoka ndani. Ukaniuliza, kwani anayengoja ni lazima apigwe? Na mlango wa wodi upo pale mbele yetu. Nikasema nimesoma vibaya, hakuna kungoja, mrudishe mezani, mkuze sasa hivi. Jioni nikaukata ule ukurasa kwa rula yangu ya kazini, nikautupa kwenye pipa. Wiki ya pili yake mama yako akafariki. Baada ya hapo ningerudishaje sheria?

Hilo ni la zamani, na pengine ungenisamehe. La Machi ni baya zaidi. Uliponiuliza habari za Gambakati nilikumbuka. Nilishika kalamu kukwambia, nikaona nikikueleza habari ya ukurasa itabidi nikueleze na ya benchi, nikaingiwa na woga. Nikajipa moyo kwamba huenda toleo jipya limebadilisha sheria. Halafu nikaandika yale ya korido nikiwa najiona mjanja. Nimekuharibia nafasi yako kwa woga wangu, mtu mzima na ndevu zangu. Nisamehe, mwanangu.

Cheza hiyo michezo arobaini. Usinisikilize mimi.

Baba yako

15 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Natumaini kimya chako ni cha kazi na si cha ugonjwa. Shangazi yako ameniandikia mistari miwili, anasema unakula na unalala, nami nimeshukuru kwa hilo.

Nimewaambia ukweli wenzangu wa chumbani. Kreni akasema, "Kwa hiyo mwaka mzima nimefungwa na mtu ambaye hata sheria hazijui?" Nikamwambia nazijua, ila nilizificha. Hilo ndilo lililomtia hasira. Wamenihukumu kuosha vyombo vya chumba kizima kwa mwezi mmoja, na fundi bomba anapika kwa sufuria zote kwa makusudi. Sasa wanacheza wawili kwa sheria halisi. Mimi nawatazama tu, sijakaa nao mezani bado.

Sikusukumi unijibu. Nataka tu kujua michezo imefika mingapi.

Baba yako

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima kabisa. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikukasirikia, sitakudanganya kwamba kazi zilikuwa nyingi.

Michezo imefika arobaini. Shangazi aliniachilia Jumamosi zote na yule dada mrefu akakubali kunifunga mpaka nikajifunza. Michezo kumi ya kwanza nilishinda miwili. Mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe kumkuza Gambakati papo hapo, na kila mara meza nzima inasema kwa pamoja, "Ukurasa wa tisa!" Nikazoea. Nakunakilia nilichokiandika:

"Gambakati hamtishi mtu. Pigo lake la thelathini ni la kubisha hodi. Kazi yake ni moja, kuwa hai zamu ikikurudia. Katika michezo arobaini nilimweka mezani mara thelathini na sita, na alikufa akingoja mara tisa. Nimepiga hesabu: bila ile kinga ya ishirini angekufa mara ishirini na tatu. Mchezaji anayeweka wawili, kama nilivyoshauri mimi mwenyewe mwezi Aprili, atajikuta ameshika Gambakuu mkononi hana pa kumweka. Weka watatu. Usimfiche, wala usiharakishe kumtumia kupiga. Alama saba. Ningempa nane kama pigo lake lisingegharimu kadi mbili za nishati."

Mwalimu alisoma mara mbili, akakagua hesabu kwa penseli, akaniuliza, "Nani alikufundisha kucheza?"

Nikasema, "Baba."

"Na nani alikufundisha vibaya?"

"Huyo huyo."

Akacheka, na mimi sijawahi kumwona anacheka tangu nianze kazi. Akasema Jumatatu nihamie meza ya mbele. Nafasi ni yangu, baba. Nimeipata.

Sasa nina jambo jingine, na nimelizungusha kichwani wiki kadhaa kabla ya kuliandika. Mchezo wangu wa tatu pale dukani, Gambakati wangu alikufa akingoja. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, maana nilikuwa nimeshasoma barua yako. Sikuumia. Nilichokiona ni lile benchi, waziwazi, mpaka rangi ya kijani iliyobanduka pale pa kukalia.

Baba, mimi sikulia siku ile. Gambakati aliyekufa alikuwa wako. Mimi ndiye niliyempiga, na nilifurahi nikaruka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kukutangulia. Halafu nikakutazama. Ulikuwa umeinamisha kichwa na machozi yanadondokea kadi. Nesi alipotoka, bega alilolishika lilikuwa lako. Mimi niliogopa, sikuwahi kukuona hivyo. Ndipo nikakuambia, "Baba mrudishe, mkuze tu, si lazima angoje." Ukamkuza. Ukafuta uso, tukaendelea kucheza.

Sheria ile niliitunga mimi. Wewe ulikata ukurasa tu. Kwa hiyo usiendelee kuniomba msamaha kwa machozi yangu, maana hayakuwa yangu, na mimi sikukosewa kitu kwenye lile benchi. La Machi limeniuma kweli, na nimelisamehe.

Niandikie.

Bintiyo

27 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Mimi mzima. Kreni na fundi bomba wanakupongeza, wamekata ule uchambuzi wako mpya kwenye jarida ulilotuma wakaubandika juu ya kitanda changu, wanasema nisome kabla ya kulala.

Ni kweli. Alikuwa wangu. Nimeisimulia siku ile moyoni mwangu kwa namna ile nyingine miaka kumi na tano mpaka nikaiamini, kwa sababu baba anayemfuta mtoto machozi ni hadithi nyepesi kuibeba. Sikujua kama ulikuwa unaona. Ulikuwa na miaka saba na ulinibeba mimi, nami nikakuacha unibebe. Asante, mwanangu. Sikuwahi kukwambia asante.

Jumapili nilikaa mezani na Kreni. Nimeweka watatu, kama ulivyosema. Nikamkuza Kigamba, nikamweka Gambakati wangu, nikaondoa mkono. Kreni akaanza kufikiri, na Kreni akifikiri unaweza kwenda kufua ukarudi. Nilitaka kuinuka nikachote maji, nitazame dirishani, nifanye lolote. Fundi bomba akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi, nangoja.

Nikakaa hapo hapo, mwanangu, nikamtazama Gambakati wangu mpaka zamu yangu ikafika.

Baba yako