Wa Kwanza Kutia Sahihi

Jumanne, 6 Aprili
Zamu tangu asubuhi. Barakoa mbili, miwani imejaa ukungu. Vitanda vyote vya korona vina watu. Leo tena mgonjwa amekataa kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Wanasema tunawafanya panya wa majaribio. Siwalaumu. Nimechoka tu.

Alhamisi, 8 Aprili
Ameletwa Mama Akinyi, muuza samaki wa Kayole. Anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa tano. Nikamweleza: chupa zote zinafanana, nyingine ina dawa, nyingine maji ya chumvi tu. Kompyuta ndiyo inayochagua. Hata daktari hajui. Oksijeni na matibabu ya kawaida kila mtu anapata. Aliuliza maswali mengi kuliko wote. Mwishowe akasema, "Sasa sista, bila hao wa maji, si hamtajua kama dawa inasaidia?"

Akatia sahihi. Wa kwanza. Nilitaka kumkumbatia. Hairuhusiwi.

Jumapili, 11 Aprili
Amezidiwa. Oksijeni imepandishwa hadi mwisho. Nilimkumbusha kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Akatikisa kichwa. "Endelea, sista." Maneno mawili, na yakamchosha.

Naogopa. Nimemwomba Mungu chupa yake iwe ya dawa. Si haki, wote ni wagonjwa wangu. Nimeomba hivyo hivyo.

Jumatano, 14 Aprili
Mzee wa kitanda cha mlangoni ametutoka saa nne asubuhi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Mama Akinyi bado yupo. Wanawake wawili wa vitanda jirani wameuliza habari za utafiti, wakatia sahihi. Kumbe siku zote hizi walikuwa wakimtazama yeye, si mimi na karatasi zangu.

Ijumaa, 23 Aprili
Ametembea hadi dirishani bila oksijeni! Kisha akalalamika kwamba uji wetu hauna sukari. Asante Mungu. Asante, asante.

Jumamosi, 13 Novemba
Majibu yametoka. Dawa inasaidia. Si kila mtu, lakini inasaidia. Na sasa tumeruhusiwa kumwambia kila aliyeshiriki alipewa nini.

Mama Akinyi alikuwa wa maji.

Nilimfuata sokoni Kayole baada ya zamu, moyo mzito. Nilidhani ataona tulimdanganya. Nikamwambia. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Kwa hivyo ni sisi wa maji tuliowaonyesha tofauti?"

"Ni nyinyi, mama."

"Basi kazi yangu niliifanya."

Nikamshukuru. Kwa ajili yangu, kwa wale wawili wa vitanda jirani waliorudi nyumbani, na kwa watakaougua kesho bila kulijua jina lake. Akasema nikae, nimesimama sana maishani. Nikakaa juu ya kreti. Yeye akaendelea kupara magamba, mimi nikifukuza nzi.