Wiki ya Ncoolo na Vidonge vya Baba

Jumapili, 3 Agosti 2025

Amekubali! Si Mugendi mchumba wangu, huyo alikubali zamani. Baba ndiye amekubali. Jumamosi wageni wa Embu waje na ncoolo. Mama alinipigia nikifua nguo, nikaacha povu kwenye beseni nikaanza kurukaruka nyumbani peke yangu hadi jirani wa chini akagonga dari na mwiko.

Sasa kazi ni moja – kumfundisha Mugendi, mtu wa Siakago huko Embu, mambo ya Wameru. Nimemweleza: ncoolo ni kitita cha miraa, kimefungwa vizuri kwa majani ya ndizi. Baba ya msichana akikipokea na kutafuna, mlango umefunguliwa. Mambo ya mbuzi na ng'ombe yatafuata siku yake. Akaniuliza kama ami yake, Mzee Gachoki, anaweza kubeba muguka, ile miraa ya Embu ya majani, kwa gunia, maana kwao iko tele. Muguka! Kwa boma ya Baba, huko Igembe, kwenye miraa yenyewe! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimemwambia akithubutu atarudi Embu na gunia lake na bila bibi.

Nimemwambia hiyo ya miraa aniachie. Kule wodini ninakouguza nina mtu wangu.

Jumatatu, 4 Agosti

Mtu wangu ni Kailemia, kitanda cha dirishani. Dereva wa pickup za miraa, zile zinazotoka Maua zikikimbia kama zinafukuzwa. Aligonga lori, mguu ukavunjika, mfupa ukaingia wadudu wa ugonjwa, na sasa yuko nasi wodi ya upasuaji tangu mvua ya Aprili. Dawa zote za kuwaua zimeshindwa. Leo asubuhi daktari amemwanzishia nyingine, linezolid. Ni vidonge.

Nilipomwambia habari za ncoolo alisahau maumivu kabisa. "Nesi Kiende, hiyo usimwachie mtu wa Embu." Akashika simu hapo hapo. Binamu yake atakata kutoka kwa miti ya mbaine, ile mizee yenyewe, Jumamosi asubuhi, ifike ikiwa na umande. Akaniambia Baba akionja hiyo hatalala siku mbili. Nikamwambia ndiyo tunataka, mzee afurahi.

Nimefurahi mpaka naogopa. Nimeshona hata lile gauni.

Jumanne, 5 Agosti

Baada ya saa za wageni Kailemia akaanza kulia kichwa. Kailemia, ambaye hulia tu Harambee Stars wakifungwa! Jasho linamtiririka, moyo unapiga naona shuka ikiruka. Nikapima presha – 218 juu ya 124. Nikapima mkono mwingine, nikidhani mashine ni mbovu. Hapana. Daktari akaja mbio. Akamuuliza kama amekunywa pombe, kama amemeza dawa ya mtu mwingine. Hapana na hapana.

Sasa mimi namwangalia na kuna kitu hakinikai sawa. Shavu moja limevimba. Nikamwambia fungua mdomo. Akakataa, kama mtoto. Nikamwambia Kailemia, utafungua ama nifungue na kijiko. Akafungua. Shavu zima miraa na chingamu! Marafiki walimletea ndani ya thermos ya uji, eti wamsaidie asichoshwe na kulala kitandani.

Nikampigia Karimi wa famasia, nikiwa bado nimeshika ule mkono wa mgonjwa. Karimi hakufikiria hata. Akasema hiyo linezolid na miraa ni maadui. Dawa inazuia mwili kuondoa vitu fulani vinavyopandisha presha, na miraa inavileta kwa wingi. Ni kama mtu azibe bomba la maji machafu halafu afungue mifereji yote ya nyumba. Daktari akamchoma dawa ya kushusha, tukakaa naye. Jioni ilikuwa 150, na akaanza kuniitisha chai. Angepasukiwa na mshipa wa kichwa mbele yangu. Nilienda chooni nikalia kidogo, nikarudi.

Kitu kinachonikasirisha ni hiki. Karatasi ya ile dawa inaonya juu ya jibini iliyokaa sana na divai nyekundu. Nani anakula jibini Igembe? Na sisi tukimlaza mtu tunamuuliza pombe na sigara, basi. Miraa hatuulizi. Hapa kumuuliza mwanaume kama anatafuna ni kumuuliza kama anakunywa chai.

Daktari amesema Ijumaa asubuhi niwaeleze wafanyakazi wote jambo hili. Mimi! Mbele ya hospitali nzima!

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nilikuwa malkia. Nimeandika kwa kadibodi kubwa, kwa Kimeru na Kiswahili, nikabandika mlangoni: MGONJWA AKIWA NA DAWA, MIRAA KWANZA UULIZE NESI. Wageni wanasoma, wanacheka, wanarudisha thermos kwa gari. Kailemia ananiita askari.

Saa ya chakula Mama akanitumia picha ya pakiti ya dawa kwa WhatsApp. Baba alijikata muundi kwa panga akipogoa miti, kidonda kikagoma kupona, mfupa ukaoza kama wa Kailemia. Hilo nalijua, mwezi wa tatu huu naenda kumfunga bandeji. Kumbe juzi amebadilishiwa dawa kule anakotibiwa. Leo asubuhi ameanza. Mama anauliza tu kama ni kabla ya chakula ama baada.

Nikaivuta picha kubwa. L-I-N-E.

Nilipiga simu nikiwa nimesimama katikati ya wodi, chakula mkononi. Mama, asitafune! Leo asitafune kabisa! Mama akashangaa. Akasema tangu homa ya kidonda Baba hajatafuna, miraa mdomoni mwake ina ladha ya kuni. Anajitunza. Anangoja ya Jumamosi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeongea na Baba mwenyewe. Nilimweleza polepole, vile nilivyopanga kuwaeleza watu kesho. Nikamwambia habari ya Kailemia na ile presha. Alisikiza yote. Halafu akasema, "Kiende, hii ni dawa ya mguu. Mimi natafuna na mdomo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja simu.

Nikamwambia basi tusongeze siku. Akakataa. Wageni wa ncoolo hawarudishwi, ni kama kuwaambia hawatakiwi. Nikamwambia basi tuwaeleze, Mugendi ni mwalimu, ataelewa. Hapo sauti ikabadilika. Akasema nisithubutu. Mwanaume anayekatazwa miraa kwa sababu ya vidonge, watu watasema ni vile vidonge vya ugonjwa ule mwingine. Au kichwa chake kimeharibika. Wakwe waondoke na hilo jina? Akaniapisha. Nisimwambie Mugendi wala mtu yeyote. Nikaapa, maana nilijua akikata simu hatapokea tena.

Kisha akasema kwa utamu kabisa kwamba hakuna shida, Jumamosi ataruka kidonge. Nikamkimbilia Karimi. Karimi akatingisha kichwa: kidonge kimoja ukiruka, dawa ya jana bado iko mwilini. Na ukiiruka siku nyingi ndiyo iishe mwilini, wadudu wa mfupa wanapata nafasi, na baada ya hii hatuna dawa nyingine ya kumpa. Mguu utakatwa.

Nimempigia Mama. Amwangalie akimeza, asubuhi na jioni, hata Jumamosi. Asimame juu yake. Mama akasema hiyo niachie mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Slaidi mbili za kwanza nilizisoma tu, halafu nikasahau kuogopa. Niliwauliza wenzangu ni nani wiki hii amemuuliza mgonjwa habari ya miraa. Hakuna mkono. Daktari mkuu mwenyewe akacheka, akasema basi hata yeye hakuuliza. Tumekubaliana kuanzia Jumatatu kila anayelazwa aulizwe, na jamaa zake waelezwe pia. Walipiga makofi! Karimi alipiga meza.

Nilishuka pale mbele nikifikiria kitu kimoja. Nimewafundisha watu sitini, na yule mmoja ninayemtaka hasikii.

Nimefika nyumbani kwa Baba alasiri. Nimekuta Baba ananyolewa ndevu, Mama anapanga vikombe, Shangazi Makandi, dada yake Baba, anatoa amri kwa kila mtu mpaka kwa kuku. Nilikaa karibu na Baba nikamshika mguu kama nabadilisha bandeji. Nikambembeleza. Mwishowe tukapatana: kesho atapokea kitita, ashukuru, afungue, ampe ndugu yake Mwongera atafune kwa niaba. Atasema meno yanamsumbua. Meno si aibu, kila mzee ana meno.

Nimembusu kwenye kipara. Aki nampenda huyu mzee. Usingizi utatoka wapi leo na furaha hii!

Jumamosi, 9 Agosti

Niko stoo, kati ya gunia la mahindi na jeriken. Naandika haraka.

Walikuja wakipendeza! Mugendi na suti ya bluu, Mzee Gachoki na kofia, wazee wengine, na mama wawili na vikapu. Kitita cha Kailemia kilifika na boda kutoka Maua, wakakipokea barabarani, majani ya ndizi mabichi, kimefungwa hata sikutaka kifunguliwe. Niliwachungulia kwa dirisha la jikoni. Mugendi alikuwa anatafuta dirisha langu kwa macho na anajifanya anaangalia migomba. Moyo wangu!

Vidonge, Baba amemeza. Mama alisimama mbele yake asubuhi na gilasi ya maji mpaka akafungua mdomo akaonyesha ulimi. Dawa iko ndani yake sasa hivi, ya leo na ya jana na ya juzi.

Shangazi Makandi ndiye anatuletea habari kutoka sebuleni. Mwanzo zilikuwa nzuri. Baba amepokea kitita kwa mikono miwili. Baba amefungua. Baba ameomba radhi, meno yanamsumbua, Mwongera atafune kwa niaba. Mimi na Mama tukashikana mikono.

Halafu Mzee Gachoki akasimama. Shangazi anasema aliongea vizuri sana, kwa heshima. Akasema wao ni watu wa Embu, hawajui desturi za hapa, kwa hivyo wameuliza sana kabla ya kuja wasikosee. Na wameambiwa ncoolo inatafunwa na mwenye binti, si na ndugu yake. Hata kijiti kimoja tu, kidogo, ili wajue wamepokelewa. Bila hivyo watakwendaje nyumbani? Ni mimi nilimfundisha Mugendi hayo! Kila neno!

Shangazi anasema Baba amechukua kijiti kimoja, amekimenya, amekishika. Mwongera akamwangalia. Ndipo Baba akasema, hapana, kabla sijatafuna iteni msichana. Aulizwe mbele ya wote. Akisema tutafune, tutafune. Akisema tusitafune, basi.

Desturi hiyo ya kumuuliza msichana iko, Shangazi ameniambia sasa hivi, wazee wa zamani walikuwa wanaifanya. Msichana akisema msitafune, maana yake ni moja tu. Hamtaki huyo mwanaume. Wageni wanainuka wanaenda, hawaulizi sababu, hawarudi.

Nikamwambia Shangazi, ingia wewe, umwambie Mugendi kwa sikio ni dawa. Akanitazama kama nimemtukana. Mambo ya vidonge kuyaingiza kwenye ncoolo, si yeye. Nimemwandikia Mugendi ujumbe, kiapo au si kiapo. Tiki moja, haujamfikia. Amezima simu, kwa heshima ya Baba yangu, mwanaume mzuri namna hiyo.

Mama analia akipanguza kikombe kilichokauka zamani.

Kwa nini Baba ameniita? Ana kijiti mkononi, angekitia mdomoni tu yaishe. Hakutia. Ananingoja mimi nikiseme anachoogopa kusema. Ama anadhani sitathubutu, atafune kwa ruhusa yangu.

Shangazi ameita mara ya pili. Nimenyoosha gauni, nimepanguza macho. Ile "msitafune" nitaanza nayo, lazima itangulie, kijiti kiko karibu na mdomo. Jina la dawa litakuja nyuma yake, na mguu wa Baba, na aibu yake yote mbele ya wakwe. Nitasema mbio mbio.

Mungu wangu, naomba Mugendi asiinuke kabla sijafika sentensi ya pili