Volyumu ya Redio na Ndege ya Saad

Kisumu Ndogo,
Malindi.
Alhamisi, 12 Juni 1986.

Kwa ndugu yangu mdogo Randu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Vitengeni, wewe na mama watoto, na mbuzi pia, maana nasikia wanashiba kuliko wewe. Shikamoo yako nishaipokea kabla hujaitoa: marahaba. Mie mzima, isipokuwa mdomo, nitakueleza. Wala usishangae mwandiko. Huu ni mkono wangu mwenyewe, kisomo cha ngumbaru miezi minne tu, na siku hizi mwalimu akisahau herufi ananiuliza mie.

Dada yetu Nyevu kaja jana na kuku wake wa kuuza. Kanieleza habari ya redio yako iliyopotea siku ya matanga ya ami. Kwamba ulimshika jirani yako Kamande, ukamkata bega kwa panga, na bado anakana. Na kwamba Jumamosi mnampeleka kwa mganga apitishiwe shoka la moto kiganjani, akiungua basi ndiye mwizi. Habari hiyo nitaijibu. Kwanza nikupe za huku, usije ukadhani ni wewe peke yako unayejua kumwaga damu.

Saad unamjua, yule fundi redio ninayemsaidia kazi. Binamu yake alimletea kompyuta kutoka Dubai, mashine ya vifungo kama taipureta, inachomekwa kwenye TV. Unatia kaseti, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu inatokea ndege, unairusha mwenyewe umekaa kitako. Saad akaona kurusha ndege kwa vifungo ni aibu, akataka fimbo ya kushika kama rubani. Tukaunda kiti cha mbao na fimbo ya bomba la baiskeli. Mie niliyebeba mizigo uwanja wa ndege miaka kumi na tisa, ndege nazijua kuliko marubani. Wao huziona upande wa mbele tu.

Shida ikawa chini ya fimbo. Lazima pawe na kidude kinachozunguka nayo, kiiambie kompyuta fimbo iko wapi. Saad akafunga volyumu kuukuu za redio, zile za kupandishia sauti, lakini zimelika ndani, ukivuta fimbo ndege inatetemeka kama ina homa. Musembi, fundi umeme wa kutoka Machakos, akasema volyumu haifai hata ikiwa mpya, kwa sababu imetengenezewa masikio. Sikio linaona sauti inapanda pole pole, lakini kompyuta itaona nusu nzima hakuna kitu, halafu vyote vinakuja kwa mpigo. Akataka vidude vya waya, vinavyopanda sawasawa mwanzo hadi mwisho, ila mpaka viagizwe Mombasa, wiki mbili.

Nikamcheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia wiki mbili mie naunda ndege ya kweli na abiria wake. Nikasema volyumu mpya ninayo, naileta. Nikaileta, tukaifunga.

Saad akapaa. Akavuta fimbo kidogo, kimya. Akavuta tena, kimya. Akaongeza kama unywele, ndege ikasimama wima, akasukuma, ikashuka kama nazi. Mara saba, Randu, na mara saba wallahi za Saad. Musembi akaniuliza kama na mizigo ya abiria nilikuwa naishusha hivyo.

Nikampiga ngumi ya pua, damu ikaruka hadi kwenye TV. Akaing'oa ile fimbo, akanipiga nayo mdomoni, meno matatu yakamwagika juu ya vifungo vya kompyuta. Nikamrukia, nikamng'ata sikio, sikuachia mpaka kipande kikabaki kwangu. Akanibamiza kichwa ukutani. Saad akatupiga wote wawili kwa ubao wa kiti mpaka ubao ukapasuka. Hospitali tulikaa benchi moja, yeye anashika sikio, mie nashika taya. Muuguzi akauliza tumepatwa na nini, nikamwambia tumeanguka na ndege.

Vidude vya waya vilipofika, Musembi akavifunga na bandeji yake kichwani. Saad akavuta kidogo, ndege ikapanda kidogo. Akatua laini kama kuku juu ya mayai. Nikangoja Musembi ajisifu, nimjibu. Alinipa tu volyumu yangu, kaifunga kwenye karatasi, akaniambia nimrudishie mwenyewe, kwani anajua mie sina redio.

Randu, mwenyewe ni wewe. Mlipokuwa makaburini niliichukua redio yako, nikaitia katikati ya gunia la makaa, nikaja nayo Malindi nikaifungua. Nilisema nitairudisha kabla hujaitafuta. Kisha ndege ikaanguka, nikaona haya, siku zikapita. Sikutaka tu yule kijana wa Machakos aonekane anajua kuliko mie. Hilo tu. Na Kamande kakatwa bega kwa hilo.

Redio anakuja nayo Nyevu kesho kwa basi la asubuhi, pamoja na barua hii. Volyumu imo ndani ya bahasha. Barua mpelekee Kamande, umsomee kwa sauti, watu wasikie. Kiganja chake kisiguse shoka. Mganga akiwa keshalipasha na hataki kupoteza kuni, mie Jumamosi alfajiri nitakuwa hapo, viganja vyangu viwili vipo.

Na panga lako ukitaka kulitumia, chukua bega la kushoto, la kulia naandikia. Mdomoni usijisumbue, Musembi keshamaliza.

Wasalimie watoto na shemeji, lakini Kamande umtangulize.

Ni mie kaka yako,
Kahonzi, mwizi wa redio.