Shamba Letu Liko kwa Baraza ya Bahari

Mpendwa mjukuu wangu Qabale,

Salaam aleikum huko kwa meli, juu ya maji. Ni mimi Akko yako, nyanya yako, nasema, mama yako ndiye anaandika, na nimemkataza kunyoosha maneno yangu. Hapa Kinna tuko wazima. Ile mbuzi nyeusi imezaa mapacha, moja inakataa kunyonya, lakini wacha mbuzi ingoje.

Nataka kusema juu ya matope.

Unakumbuka ile jerikeni nyeupe kule shamba, Rapsu? Mto ikijaa, maji ilikuwa kama chai ya maziwa. Nakutuma uchote ya kunywa, wewe unachutama mbele ya jerikeni kama mtu anangoja kuku itage. Nikakuuliza, "Wewe msichana, hiyo jerikeni inakuongelesha?"

Ukasema, "Akko, mchanga inachoka haraka. Imeshalala chini. Matope bado inatembea."

Nikakuita mvivu. Nikainua jerikeni, nikaitingisha, yote ikaamka tena. Ulilia wewe! Na siku hiyo tulikunywa maji na mchanga kwa meno, kwa sababu yangu.

Halafu ikakuja ile mafuriko ilikula nusu ya shamba, na vitunguu ndani. Ulikuwa mdogo lakini uliniona nikishuka kwa Dida, jirani wa chini, na jembe begani. Shamba yake ilikuwa imepata udongo mpya kwa pembe. Nikamwambia, "Dida, rudisha udongo yangu!"

Akanijibu mbele ya watu, "Mama, hiyo udongo iko na alama ya sikio kama ng'ombe?"

Watu walicheka. Tangu siku hiyo sikumpa salamu. Dida, ambaye babu yako alikuwa anagawa naye maji ya mfereji mmoja, siku yako, siku yangu. Dida, ambaye mke yake ndiye alimpokea mama yako akizaliwa. Huyo mke alipokufa nilikaa na wanawake, nikaomba dua, nikatoka bila kumwangalia mwenye msiba. Mama yako hapa ameacha kuandika, ananiangalia. Andika!

Wewe ukasoma, ukaenda. Sokoni wakaniuliza unafanya kazi gani, nikasema anatoa matope chini ya bahari. "Amesoma yote hiyo ndio achimbe matope?" Nikabeba kikapu nikaenda, Qabale. Niliona aibu, na hiyo aibu leo naitupa.

Kwa sababu Idd ilipofika ulikuja na ule mkebe wa matope ya bahari, ukakaa na mimi kwa mkeka, ukanieleza polepole kama mimi ndiye mtoto. Ukasema bahari iko na baraza, kama ile ya mbele ya nyumba. Kutoka ufuo, chini inaenda polepole, si kina sana, halafu inafika ukingo, hapo inaanguka kwa giza. Mto wetu inaingia Tana, Tana inamwaga kwa hiyo baraza. Mchanga inachoka kwanza, inalala karibu na mdomo ya mto. Matope laini inaenda mbele. Ikilala, mawimbi inaiamsha, upepo ya msimu inasukuma maji, maji inaibeba tena, mpaka ipate mahali mawimbi haifiki chini. Hapo ndio inalala juu ya ile ya zamani, mafuriko juu ya mafuriko. Ingine inapita ukingo, haionekani tena.

Nikasema, "Hiyo ni jerikeni!"

Ukacheka. "Ndiyo, Akko. Ni jerikeni, na wewe ndiye mawimbi."

Nikakuuliza, "Na Dida?"

"Dida alibaki na mchanga mzito tu. Ile laini ya kulimia ilimpita. Hata yake ilienda."

Nikakuuliza kama hiyo ya mkebe ni yetu. Ungeweza kudanganya mwanamke mzee afurahi. Ukasema, "Siwezi kuapa. Imechanganyika. Najua tu imetoka huku juu." Hapo ndio nilijua umesoma kweli.

Sasa sikiliza. Wiki jana nilipanda boda mpaka Rapsu, ule mkebe uliniachia uko kwa mapaja. Dida amezeeka, macho imeisha. Nikasimama kwa mlango. "Salaam aleikum, Dida."

Akageuza sikio kwa mlango. "Aleikum salaam. Hiyo sauti naijua. Umekuja na jembe?"

"Nimekuja na shamba."

Nikamwekea mkebe kwa mkono. Akaingiza kidole, akasugua, akanusa. "Inanuka chumvi." Nikamweleza yote, baraza, mawimbi, mchanga ile inachoka. Nikamwambia hakuniibia. Nikamwambia pole ya mke yake, ile nilikuwa nayo miaka hiyo yote.

Akafunika mkebe. "Nani amekufundisha haya?"

"Mjukuu yangu."

"Yule wa kuangalia jerikeni," akasema. Anakukumbuka!

Tulikunywa chai. Nikitaka kwenda, nikanyoosha mkono nichukue mkebe, akauficha chini ya shuka. "Nusu ni yangu," akasema, "na wewe hujui ni nusu gani."

Basi sasa ndio ameniibia kweli, na mimi nimemwachia. Ukikuja, leta mkebe mwingine.

Mungu akulinde huko barazani, usikaribie ukingo.

Ni mimi,
Akko yako, yule wa kutingisha jerikeni