Upindo Uliokataa Kunyooka

Kwenye chumba changu cha cherehani,
Jumamosi, 8 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo? Shemeji na wanao hawajambo? Sisi huku wazima kabisa, na leo cherehani nimeifunika mapema, maana kwa furaha hata kushona siwezi.

Binti yangu, Twiga wetu, ameongezeka sentimita nne, na mgongo wake haujapinda zaidi! Ngoja nianze mwanzo, maana nilikuficha nisikutie hofu.

Mwaka jana nilimshonea sketi ya shule, upindo ukapanda upande mmoja. Nikafumua, nikashona upya, ukapanda tena. Mara tatu, dada! Miaka ishirini ya ufundi, nashindwa na sketi ya mwanangu. Nikalaumu mkasi, nikalaumu kitambaa, na mtoto nikamgombeza eti hasimami wima. Kweli mganga hajigangi.

Siku ya jaribio hilo la tatu, mteja wangu mmoja, muuguzi, alikuja kuchukua sare zake akamkuta Twiga juu ya stuli, mimi na pini mdomoni. Akamwambia ainame aguse vidole vya miguu, akampapasa mgongo, kisha akanigeukia: "Fundi, mkasi wako hauna kosa. Kesho mlete hospitali."

Uti wa mgongo ulikuwa umeanza kwenda upande. Nililia, sikufichi. Lakini daktari akasema tumewahi: kwa kuwa bado anarefuka, mkanda mgumu wa mgongo ungeweza kuuzuia. Tungengoja amalize kukua, pengine angepasuliwa. Miezi minane ameuvaa chini ya sare, na joto hili, akininunia kila asubuhi. Jana picha mpya ya eksirei ilitoka: mgongo haukusogea! Nilimkumbatia daktari mpaka miwani ikamdondoka.

Sasa hapa kwangu hapimwi mtoto sare bila kuinamishwa kwanza. Wateja wananiita Daktari Sindano. Nacheka nao, lakini siachi.

Ila dada, daktari alisema jambo hili hupenda kufuatana katika ukoo. Ile picha ya binti yako uliyonitumia nimeitazama sana kwa jicho la fundi, na bega la kushoto naliona liko juu. Labda alikuwa ameegemea kitu. Mungu ajalie iwe hivyo. Mpeleke wiki hii. Usiniambie haumwi. Twiga hakuumwa hata siku moja.

Nisalimie shemeji, mapacha wako na shangazi. Mungu atukuzie watoto wetu wakiwa wamenyooka.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Twiga