Pikapu Yako Ilipogoma Mlima wa Amukura

Baba Nafula,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitarajie salamu ndefu. Watoto hawajambo, ng'ombe amezaa, mama yako bado anagombana na kuku wa jirani. Sasa tuzungumze habari ya pikapu yako.

Unakumbuka ulivyoinunua mwaka wa Uhuru, tayari imezeeka, mlango mmoja unafungwa kwa kamba? Nilikuuliza kama umeoa mke wa pili. Ukacheka, ukanipeleka uwanja wa soko la Matayos siku isiyo ya soko, ukanifundisha kuiendesha huku watu wakitushangaa kutoka vibarazani. "Usiiogope, Mama Nafula," uliniambia. "Gari inasikia kama ng'ombe. Ongea na yeye pole pole." Tukaifanya riziki yetu: samaki wa ziwani kutoka Osieko tunawapokea Busia asubuhi, tunawapeleka Malaba kwa familia za wafanyakazi wa reli kabla jua halijawa kali. Ilikuwa na kelele, ilikuwa na moshi, lakini miaka yote hiyo ilifika.

Ikaja kugoma siku tuliyokuleta nyumbani.

Nakueleza kwa sababu hukuiona ingawa ulikuwamo. Tulikutoa hospitali kule Tororo, upande wa Uganda, ndugu yako Wandera akiendesha, mimi na shangazi zako tumeketi nyuma karibu na sanduku lako. Mpaka tuliuvuka salama. Hata askari walivua kofia. Tulipoanza kupanda mlima wa Amukura, injini ikakohoa, ikakatakata, ikazima. Wandera akafungua boneti, akafunga. Akajaribu tena na tena, wapi! Na watu wetu unawajua. Gari lililobeba maiti likizima njiani, hakuna anayetafuta spana. Shangazi yako mkubwa alishuka, akaweka kiganja juu ya sanduku, akaanza kukubembeleza: "Baba, twende nyumbani. Kama kuna mtu alikukosea, tutaongea huko. Usituaibishe mbele ya watu wa Amukura." Alisema, akalia, akasema tena, nasi tukaitikia. Kisha Wandera akajaribu, na injini ikawaka.

Basi, mjadala ukaisha. Uligoma, ukabembelezwa, ukakubali.

Shida ni kwamba hukuacha. Mazishi yalipopita nilirudi kazini, maana watoto hawali machozi. Nikifika Amukura, gari linakohoa, linazima. Nashuka, nakaa kwenye nyasi, nakubembeleza. Baada ya muda linawaka. Mbele kidogo linazima tena. Samaki wanalegea, nzi wanakaribia, na wale wanawake wa reli waliokuwa wakinipokea kwa vicheko wakaanza kufunua mashavu ya samaki na kukunja pua.

Nikaenda kwa Fundi Juma pale Busia mjini. Akabadilisha plagi. Akasugua platini. Akafungua kabureta, akaipuliza kama anayewasha jiko. Tukizunguka mjini gari ni zima kabisa. Nikitoka nalo kwenda Malaba, yale yale. "Mama, hii inamisi kwa sababu petroli haifiki vizuri," akasema, nami nikafurahi kwamba angalau mtu amesema neno la gari. Akabadilisha pampu. Likazima tena. Mara ya mwisho alipangusa mikono, akatazama chini. "Mama, mimi nimefika mwisho. Hii si kazi ya spana. Wewe ongea na mzee vizuri." Hata yeye, Mwislamu asiyejua mila zetu! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku hizo hata wenye vipara walikuwa na maoni juu ya gari langu.

Siku ya kunyolewa nywele za matanga, wazee walipoketi kugawa vitu vyako, Wandera alisema mbele ya wote: "Shemeji, usikasirike. Gari imekataa kuendeshwa na mwanamke. Mwenye gari amesema." Wazee wakatikisa vichwa. Wakaniachia hadi mavuno; likiendelea kugoma, liende kwa Wandera. Bila pikapu, Baba Nafula, mimi ni nani? Ni mtu wa kwenda kwa Wandera kuomba chumvi. Nafula ni mtoto wa kutolewa shule. Nilirudi nyumbani nimekukasirikia wewe kuliko wao. Si ni wewe uliyenifundisha? Si ni wewe uliyenishika mkono kwenye gia? Kama hukutaka niendeshe, ungesema ulipokuwa na mdomo.

Wiki iliyopita, mlima ule ule, likazima. Jua limepanda, samaki wamejaa. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikasema leo sibembelezi mtu. Nilishuka kimya, nikaenda kuchungulia tangi kama lina petroli.

Unajua kifuniko chake kilipotea zamani, ukaziba kwa gunzi la mahindi na kujisifu kwamba kiwanda chako kiko shambani. Nilipolishika gunzi halikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili. Likachomoka kwa ghafla, na tangi likavuta hewa, hiiii, kama mtu aliyekuwa amebanwa pua. Nikaingia ndani, nikawasha. Injini ikawaka hapo hapo, bila kuambiwa neno.

Ndipo nikalitazama lile gunzi. Lilikuwa limevishwa mpira wa tairi la baiskeli, ukazungushwa na kukazwa, hata sisimizi asingepata pa kupita. Gunzi lako wewe lilikuwa tupu, hewa ilipenya. Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, petroli inashikwa humo humo, injini inakohoa, inakufa. Ukisubiri, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, nayo inafufuka. Muda wa kutosha tu wa kumbembeleza marehemu! Nikaelewa pia kwa nini lilikuwa zuri kila nilipotoka kujaza petroli: kijana wa pampu alikuwa amelichomoa gunzi. Ili nisijidanganye nililirudisha gunzi na mpira wake, nikaendesha, likazima. Nikalichomoa, likawaka. Nikauvua mpira, nikalirudisha likiwa tupu, nikaenda hadi Malaba bila kusimama.

Sikukaa sana huko. Nilikuwa na haraka ya kugombana. Nilifika kwa Wandera nikamtupia ule mpira miguuni. "Nani alifunga hii?" Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kuutosha ukoo mzima. Aliuokota, akaugeuza mkononi, akakaa chini.

"Ni mimi, shemeji. Kule Tororo. Petroli ilikuwa inaruka, inamwagikia pale kando ya sanduku. Ndugu yangu alikuwa mtu safi. Sikutaka afike kwa mama akinuka petroli."

Tulikaa pale, yeye na mpira wake, mimi na hasira isiyo na pa kwenda, mpaka mkewe akatuletea uji. Nilipoinuka akasema, "Gari ni yako. Wazee nitawaambia mimi mwenyewe." Na amewaambia.

Kwa hiyo nimeshinda. Pikapu inapanda Amukura haikohoi, samaki wanafika wakiwa wabichi, Fundi Juma anasimulia mjini kana kwamba ni yeye aliyegundua. Kila mtu ananipa hongera, nami nazidi kukasirika, na mwanzoni sikujua kwa nini. Nimejua. Siku zote zile kwenye nyasi nilikuwa nikikuambia kila kitu. Nafula ameongoza darasa. Paa la jikoni linavuja. Nimekukumbuka. Nilikutukana, nikakuomba radhi, kisha nikawasha gari, nawe ukajibu. Nililalamika kwa kila mtu kwamba unanisumbua, lakini moyoni nilikuwa na mume. Kumbe ilikuwa hewa.

Jana nilifika mahali petu nikazima injini mwenyewe. Nilikaa kwenye nyasi, nikakueleza haya yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha nikawasha. Ikawaka mara moja, kama inavyowaka kwa mtu yeyote. Nikaingiza gia nikalia mpaka juu ya mlima, lakini sikusimama.

Pumzika, Baba Nafula. Sitakusumbua tena njiani.

Mkeo,
Mama Nafula