Ukoka Wangu na Mama Mkwe

Jumamosi, usiku.

Nimemkemea mama mkwe. Mimi, niliyefika vitani hadi Burma, ninayejigamba mtaa mzima kwamba najua adabu za kila taifa!

Nimetoka kazini nikamkuta na jembe mbele ya nyumba, ameung'oa ukoka wangu wote. Ukoka mchanga niliokuwa nikiumwagilia kila jioni, huku nikichokoa magugu ya ndago kwa kisu mpaka mzizi, ili uwanja wangu ushinde wa Wazungu wa bomani. Sasa ni udongo mtupu, tena umefagiwa.

Nikapayuka, "Nani kakutuma?" Majirani wakatoka kutazama.

Akaliweka jembe chini. "Nisamehe, baba. Nimeona majani yamefika mlangoni, nikajua mwanangu mgonjwa, hawezi kulima."

Katoka Goweko kwa treni, hata maji alikuwa hajanywa.

Amekataa chakula. Kesho anaondoka. Nimemwambia mke wangu aniombee radhi, maana mkwe hasemeshwi ana kwa ana.

"Mbona ulipomkemea hukunituma mimi?"

Basi alfajiri nitamwendea mwenyewe. Mimi wa maneno mengi, sijui nianze na lipi.